Kikombe Kilichowekwa Chini

Sattam alitumbukiza mkono mtoni mpaka kwenye kiwiko, akautoa mkavu.

Mama yake, Nashmiya, aliona. Alikuwa amechuchumaa ukingoni anakanda unga wa mkate, na mwanawe alikuwa hatua tatu kutoka kwake, ameinama ananasua wavu kwenye jiwe. Mkono uliingia, mkono ukatoka, na hakuna tone lililodondoka. Mkono wa kanzu ulining'inia kama umetoka kwenye kamba ya kuanikia. Nashmiya aliutazama mkono, akautazama unga, akaendelea kukanda. Mwanamke aliyejizoeza mwaka mzima kutoona hashindwi na mkono mmoja.

Hiyo ilikuwa siku ya pili ya safari yao ya uvuvi. Kila mwaka, tende zikishavunwa, joto likalegea na mto Furati ukapungua mpaka kokoto zikaonekana, ukoo wa marehemu mumewe hufunga mizigo na kupanda juu kidogo ya mji wa Hiti, wakapiga hema karibu na gurudumu kuukuu la maji. Gurudumu lenyewe ni la mbao, refu kuliko nyumba, limefungwa vyungu pembeni. Linachota mtoni na kumwaga mferejini, na usiku na mchana linalia mlio mrefu kama wa mtu mwenye jino bovu. Watu wa pale hawausikii. Ukiusikia, basi wewe mgeni.

Mkubwa wa safari alikuwa Mukhlif, shemeji yake Nashmiya, mwanamume mwenye madele matatu ya shaba ya kahawa na kiburi cha kutosha madele kumi. Alikuja na mkewe, Khazna, na rafiki yake wa tangu jeshini, Idan, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amekula samaki wengi kuliko aliowavua. Na Sattam, bila shaka. Mwaka jana nusura safari ife kwa ajili yake.

Mwaka jana Sattam alisimama ndani ya mtumbwi akimwigiza ami yake anavyotembea, tumbo mbele, mikono nyuma, mpaka watu ukingoni wakashika mbavu. Mtumbwi ukapinduka palepale chini ya gurudumu, penye maji meusi. Alikaa chini ya maji muda wa kuchemsha birika la chai. Mukhlif, ambaye anaogelea kama ng'ombe, alijitupa, akapapasa, akakamata nywele, akavuta. Mtu akatoka. Akakohoa, akafumbua macho, akawatazama wote mmoja mmoja kama mchungaji aliyeingia zizi la mwenzake. Wakachinja kondoo, wakashukuru, wakarudi nyumbani.

Sasa, Sattam aliyezama alikuwa mvivu, mlafi na mdomo wazi. Kila alipoonja mchuzi alisukuma sahani na kusema, "Mama, umemwaga bahari nzima humu?" kisha akaumaliza wote na kuifuta sahani kwa mkate. Sattam aliyeopolewa aliamka kabla ya adhana. Alifagia ua, alibeba maji, alipalilia miti, na kila akiambiwa jambo alijibu, "Naam, mama." Majirani wakasema mto umemfunza adabu. Nashmiya hakuamini. Miaka sitini ameishi kando ya mto ule, na hajamwona mtu uliyemfunza adabu. Huwa unaosha tu.

Chakula cha kwanza chenye chumvi alikitapika, maji ya kijani yenye mchanga. Cha pili vilevile. Wiki ya tatu Nashmiya alilifunga kopo la chumvi kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, akaliweka rafu ya juu, na tangu siku hiyo nyumba ile ikala chapwa. Godoro la Sattam lililowa kila usiku, nalo likanuka, si harufu ya lami na kibiriti ambayo kila mtu wa Hiti amezaliwa nayo puani, bali harufu ya tope la chini kabisa, lililokaa na majani yaliyooza. Nashmiya akatandika chini yake jamvi la matete lililopakwa lami, lile ambalo mafundi hutandika ndani ya mitumbwi ili maji yasiingie. Yeye alilitandika ili maji yasitoke. Na mwanawe alipolala, kifuani mwake ulitoka mlio mrefu wa gurudumu.

Wadha, mke wa Sattam, alivumilia miezi miwili, akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba yeye hakuolewa na kisima. Watu wakasema ana kiburi.

Wakati wa baridi ulipokwisha, Nashmiya alichukua fulana ya Sattam akaenda nayo kwa Mulla Abud, yule kipofu anayesomea watu karibu na chemchemi za lami. Alifika mpaka mlangoni. Alimsikia akikohoa ndani. Akageuka, akarudi. Mulla akimwambia huyu si yeye, itambidi aanze kulia, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kulilia. Palikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi: unaugusa kwa ulimi, unajua upo, lakini si wako. Mtoto alikuwa anakula, anafanya kazi, anaitika. Akajiambia hiyo yatosha. Wangapi hawana hata hicho.

Basi siku ile ya pili wakavua. Au tuseme Sattam alisimama kwenye maji ya magoti, na samaki wakaja kumzunguka miguu kama kuku waliomwona mwenye pumba. Idan akawachota kwa kapu, akicheka, akisema kumbe miaka yote alikuwa anasumbuka na ndoana bure, huyu kijana samaki wanamfuata kama wajukuu wanavyomfuata babu mwenye peremende. Mukhlif alijifanya haoni, maana wavu wake ulikuwa mtupu. Khazna akachagua samaki watatu wanene aina ya shabuti, akawapasua mgongoni kama inavyotakiwa, akawatandaza kama vitabu vilivyofunguliwa, akawapaka chumvi. Sattam alipoliona bakuli la chumvi aliinuka polepole, akahamia upande wa pili wa moto.

"Mwanao amekuwa mpole, Mama Sattam," Khazna alisema huku akiwachomeka samaki kwenye vijiti kuuzunguka moto. "Mpole mpaka nywele zinanisimama."

"Amekua," Nashmiya alisema.

"Wangu ana miaka sitini na tatu. Sijui atakua lini."

Jua likashuka. Moshi wa kuni za miti ya tarfa ukatambaa juu ya maji. Hapo ndipo Mukhlif alipomwona mtu.

Alikuwa amesimama ng'ambo, mkabala na gurudumu, mzee wa kanzu nyeupe, kitambaa kichwani bila kamba ya kukifunga. Amesimama tu, anatazama moto. Sasa, Mukhlif ni mtu ambaye hawezi kumenya hata kitunguu bila kumwita apitaye, na mtu akikataa humwapia talaka ya mkewe ili aje. Akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele kwamba samaki wameiva, na kwamba mke wake ameachika kama yule bwana hatakuja kuonja.

"Nimeachika kwa ajili ya chakula cha watu mara mia," Khazna alinong'ona. "Siku moja mtu atakataa kweli, nipumzike."

Mzee hakukataa. Nashmiya aliinama kugeuza mkate, na alipoinua kichwa mzee alikuwa amekwisha kufika, amesimama ukingoni mwa busati, na kutoka ng'ambo mpaka pale hapakuwa na daraja wala mtumbwi, na pindo la kanzu yake lilikuwa kavu. Idan akamsogezea mto wa kuegemea. Mukhlif akamkaribisha kwa maneno thelathini pale ambapo matatu yangetosha. Sattam aliinamisha kichwa. Nashmiya alihisi kuna kitu kimepungua duniani, akatafuta ni nini, kama mtu anayepapasa mfuko usiku, na ilimchukua muda kukipata: gurudumu lilikuwa kimya. Maji yalipita chini yake kama kawaida, lakini lilikuwa limesimama, na vyungu vilivyojaa vimening'inia hewani bila kumwaga.

Mgeni hakugusa samaki. Mukhlif akamimina kahawa chungu, kikombe cha kwanza, akampa kwa mkono wa kulia. Mgeni akakipokea, akakitazama, akakiweka chini.

Hapo hata Idan aliacha kutafuna. Watu wale wana desturi yao. Mwenye haja kubwa haombi. Anaweka kikombe chini na kunyamaza. Na mwenyeji mwenye jina haulizi ni haja gani, maana akiuliza amejivunjia heshima yeye na wajukuu zake. Husema maneno yaleyale tu siku zote, na kwa maneno hayo damu zimesamehewa na mabinti wameozwa, na hakuna aliyewahi kuyameza tena yakishatoka.

Mukhlif alipapasa ndevu. Alikuwa na binti nyumbani ambaye hajaposwa, na Nashmiya aliiona ile fikra ikimpita usoni na kumkunjua kifua. Nashmiya alitaka kusema, shemeji, ngoja, muulize kwanza ni nani na ametoka wapi, mtazame miguu, sikiliza gurudumu, mtazame Sattam anavyotetemeka kama ndama aliyesikia sauti ya mama yake. Alitaka kusema yote hayo, yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yake mwaka mzima, lakini ulimi ulilala kinywani kama kipande cha nyama ya mtu mwingine, na akabaki ameshika mkate unaomuunguza vidole, hausikii moto wake, mpaka Mukhlif akafungua mdomo.

"Kunywa kahawa yako," Mukhlif alisema. "Ulilojia umepata."

Mgeni akanywa. Akakitikisa kikombe, akakirudisha.

"Nimemjia mwanangu," alisema.

Mukhlif akatabasamu bila kuelewa. Akamwambia kwa adabu kwamba hapo hapakuwa na mtu ila wao.

"Mwaka jana mtu alianguka kutoka juu," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mzee aliyechoka kutembea. "Vijana wetu wakamzunguka kumtazama. Vijana unawajua. Ukaja mkono wako, ukapapasa, ukashika nywele zilizokuwa karibu." Akamwelekezea Sattam kidevu. "Hukushika za kwenu."

Kijiti kilipasuka motoni. Idan alikuwa ameanza kucheka, kicheko kikamkwama, akakaa nacho mdomo wazi. Khazna akamshika Nashmiya kwenye paja, akaminya, na Nashmiya aliuona ule mkono ukiminya lakini hakuusikia.

"Na wangu?" Nashmiya aliuliza. Sauti ilitoka kama inatoka chumba cha pili.

Mgeni akamgeukia. "Wako yupo. Tumemweka vizuri, kama ulivyomweka wangu. Mwanzoni kila jioni alilalamika kwamba chakula chetu ni chapwa. Akatusimulia habari zako, chumvi yako, ulimi wako, na vijana wetu wakakaa kumsikiliza, mpaka kila mmoja akazijua kwa moyo. Tulikungoja. Tukasema leo mama yake atakuja ukingoni, ataweka kikombe chini. Haja yako ingetimizwa siku hiyohiyo. Hukuja."

"Sikujua."

"Ulijua, mama," mzee alisema, bila ukali. "Ulitandika jamvi la lami."

Mukhlif akaanza kusema kwamba kama angejua, kwamba neno lilitolewa gizani, kwamba kuna masheikh wa kuamua. Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho, kama mgeni mwenye malezi, kisha akainuka. Na yule waliyemwita Sattam akainuka pia. Akaja mbele ya Nashmiya, akapiga magoti, akambusu kichwani, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima midomo yake ilikuwa mikavu.

"Mama," alisema, "samahani kwa godoro."

Nashmiya alimtazama. Alitafuta neno la kumpa mtoto wa watu aliyekula chapwa mwaka mzima, akafagia ua wake, akaitika kila alipoitwa kwa jina la mwingine. Akapata hili tu:

"Vaa viatu. Kuna miiba."

Akavaa. Wakaingia mtoni, baba na mwana, bila kurusha hata tone, maji ya magoti, ya kiuno, ya kifua, mpaka pakabaki kile kitambaa kisicho na kamba, kisha hapakubaki kitu. Gurudumu likalia, likaanza kuzunguka, na vyungu vikamwaga vyote kwa pamoja.

Mukhlif alikuwa wa kwanza kusema. Alinong'ona kwamba wafunge mizigo saa ileile, warudi mjini, kesho wamlete Mulla Abud asome, afukuze.

"Atafukuza nini?" Nashmiya alisema. "Wameshaondoka."

Akachukua dele. Akamimina kikombe kimoja, akashuka nacho mpaka chini ya gurudumu, kwenye jiwe lenye ukoga wa maji, akakiweka chini, akakaa. Khazna alimwita mara mbili kwa sauti ya chini, akaacha. Nashmiya hakuomba dua, hakuita jina. Alikaa kama mtu anayengoja unga uumuke. Mvuke wa kahawa ukapungua, ukaisha. Utando mwembamba ukajitengeneza juu yake. Akaendelea kukaa, na maji yakaendelea kupita, na harufu ile ya tope la chini kabisa ikapanda polepole, ikamfunika magoti, ikamfunika kifua, ikamfika puani, na mlio wa gurudumu ukazidi kurefuka, ukawa mzito, ukawa kama mtu anayetaka kusema neno na anashindwa kulimaliza, mpaka ukakatika katikati.

Kimya. Kisha sauti, kutoka majini, karibu kabisa na miguu yake. Ilikuwa sauti ya Sattam.

"Kunywa kahawa yako, mama. Ulilojia umepata."

Hakuulizwa amejia nini. Hapo ndipo alipopaswa kuvunja desturi na kusema wazi: nipeni yule wa kwanza, yule mlafi, yule aliyetoka tumboni mwangu, si mwingine. Lakini mwenyeji akishatamka, mgeni haongezi neno, na Nashmiya alikuwa amelelewa vizuri mno. Akainua kikombe, akanywa. Kahawa haikuwa na ladha yoyote.

Mkono ukatoka majini, ukashika jiwe. Mkono uliolowa, wenye matone, wenye kucha za bluu. Akatoka mtu mzima, akatapika maji, akalaani baridi, akauliza kwa nini watu wamemkodolea macho badala ya kumpa nguo. Mukhlif akaanguka kifudifudi, akalia kwa sauti. Idan akamshukuru Mungu mara nyingi sana. Khazna akamhesabu vidole vya mikono na vya miguu. Nashmiya alivua abaya yake, akamfunika nayo, akamfuta uso. Alingoja ganzi iishe. Akajiambia jino likishang'olewa huchukua muda.

Mulla Abud aliletwa nyumbani kesho yake. Alizunguka nyumba, akasoma kwenye pembe nne, akanyunyiza maji, akasema pako safi, akaondoka na kuku wawili. Godoro halikulowa usiku ule. Halikulowa wa pili. Kijana aliamka jua limepanda, akaliacha busati bila kulikunja, akauliza nani amempangia viatu vyake kama vya maiti. Jamvi la lami Nashmiya alilikunja, akaliegemeza ukutani. Hakulitupa. Akapeleka habari kwa kina Wadha kwamba mumewe amepona, arudi.

Siku ya tatu alipika mchuzi wa bamia. Walikuwa wawili tu, mama na mwana, Wadha akiwa njiani. Sattam akamega mkate, akachovya, akaonja. Akasukuma sahani.

"Mama, umemwaga bahari nzima humu?"

Nashmiya alicheka. Kilimtoka kicheko kikavu, cha mtu aliyesahau kinavyochekwa, na ndani yake kitu kikaanza kuchomachoma, kama mguu uliolaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Akainuka kumletea mtindi apunguze ukali. Aliingia jikoni, akanyoosha mkono rafu ya juu kuchukua bakuli, na vidole vyake vikagusa kopo la chumvi.

Lilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Lilikuwa limefungwa uzi mwekundu, mafundo matatu, yaleyale aliyoyafunga kwa mkono wake.

Alisimama pale. Mikono yake ilikuwa imepika kama ilivyozoea, chapwa, bila kumuuliza, na ulimi wake haukuwa na habari tangu zamani. Nje mlango wa ua ukabishwa. Wadha alikuwa amefika, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Nashmiya alirudi na mtindi. Kijana alikuwa amekaa palepale, sahani mbele yake, tabasamu bado usoni, akimtazama mdomo kwa makini, kama anayengoja kuambiwa kama amesema sawasawa.

Aliichukua ile sahani.

"Nitapunguza, mwanangu," alisema, akaenda kufungua mlango.